Shule ndogo isichaguliwe kwa tabasamu la mlangoni

Mchagua jembe si mkulima, walinena wahenga, nao walikuwa na haki ya kunena hivyo, kwa kuwa jembe likivunjika mpini hutiwa mpini mwingine na kazi ikaendelea. Lakini mtoto si jembe. Mwaka mmoja ukimharibikia darasani, hakuna fundi awezaye kumrudishia. Kwa sababu hiyo mzazi hana budi kuwa mchaguzi wa shule, tena mchaguzi asiyeona haya kuuliza.

Jambo hili lilinikaa moyoni Aprili 2024, nilipokuwa mgeni wa dada yangu mdogo huko Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, Marekani. Kama walivyo Wakenya wengi wa jimbo hilo, yeye hufanya kazi ya kuwatunza wazee, na zamu yake ni ya usiku. Mwanawe wa miaka 9, aliyekuwa amelelewa na nyanyake mjini Nakuru, alikuwa amejiunga naye Septemba iliyotangulia. Mtoto huyo aliondoka Kenya akiwa msemaji wa nyumba nzima. Nilimkuta ametulia kama maji mtungini.

Nilipomdadisi alinijibu kwa sauti ya chini, "Mjomba, huko shuleni hata nisipoenda hakuna anayejua."

Mama yake alinithibitishia. Kijana alikuwa ameugua homa siku mbili. Simu iliyopigwa nyumbani ilikuwa sauti ya mashine, na aliporejea hakuna mwalimu aliyemwuliza alikuwa wapi. Sisemi kwamba shule ile ya serikali ilikuwa mbaya. Ilikuwa kubwa mno, na walimu wake walikuwa na watoto wengi kuliko macho yao. Hata hivyo, mtoto aliyetoka mbali hajui kuitetea shule yake kwa hoja za namna hiyo. Anachojua ni kwamba hakuna aliyemkosa.

Ndipo siku moja baada ya ibada dada yangu alipopewa karatasi ya rangi iliyosifu shule ndogo isiyo mbali na nyumba yake. Wanafunzi hawakutimia 150, darasa moja lilikuwa na watoto 18, kulikuwa na sare kama za kwetu, na karo haikuwapo. Aliniwekea karatasi hiyo mezani akaniuliza, "Kaka, shule ndogo, tena bila karo. Mtego uko wapi?"

Lilikuwa swali jema, nami naomba ndugu msomaji aniruhusu kulijibu kwa kirefu.

Shule hiyo ni ya aina ambayo Wakenya wa huko huiita chata, nasi tunaweza kuiita shule ya mkataba. Si akademia ya mtu binafsi kama zile zilizojaa mitaani mwetu, wala si shule ya harambee iliyojengwa kwa michango ya wanakijiji. Ni shule ya umma. Huendeshwa kwa fedha za kodi, na hairuhusiwi kutoza karo wala kumchuja mtoto kwa mtihani wa kuingilia. Waombaji wakizidi nafasi, majina hupigiwa bahati nasibu, na ndugu wa watoto walio shuleni hutangulizwa. Tofauti yake na shule jirani ni kwamba haiko chini ya halmashauri ya elimu ya mji. Ina bodi yake yenyewe, na bodi hiyo imetia sahihi mkataba na mdhamini aliyeidhinishwa na jimbo. Mdhamini huyo huenda akawa chuo kikuu, wilaya ya elimu, au shirika lisilotafuta faida. Huko Minnesota mkataba hupewa muda wa miaka isiyozidi 5, kisha huangaliwa upya. Shule ikishindwa kufundisha au kutunza fedha, mdhamini aweza kuukatiza na milango ikafungwa.

Minnesota ndiyo mama wa shule hizi. Wazo lake lilivumishwa mwaka 1988 na Albert Shanker, aliyekuwa kiongozi wa chama cha walimu cha American Federation of Teachers, ambaye alitaka walimu wapewe uhuru wa kujaribu njia mpya za kufundisha. Jimbo lilipitisha sheria mwaka 1991, na mwaka uliofuata City Academy ikafunguliwa mjini St. Paul ili kuwahudumia vijana walioacha masomo. Baadaye Shanker mwenyewe aligeuka kuwa mkosoaji, alipoona wazo lake limeingiliwa na watu wa biashara. Lakini mbegu ilikuwa imekwisha kuota. Kufikia mwaka wa masomo wa 2021-22, wanafunzi wapatao milioni 3.7 walikuwa wakisoma katika shule za namna hiyo kote Marekani.

Je, shule hizi ni bora kuliko nyinginezo? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichunguza majimbo 15 pamoja na jiji la Washington, na mwaka 2009 wakatangaza kwamba katika somo la hisabati asilimia 17 ya shule za mkataba zilizipita shule za kawaida, asilimia 37 zilipitwa, na zilizobaki hazikuwa na tofauti kubwa. Ripoti yao ya mwaka 2023 ilionyesha kwamba wastani umepanda. Wanafunzi wa shule hizo walikuwa mbele kidogo, kwa kiasi cha siku 16 za masomo kwa mwaka katika kusoma, na siku 6 katika hisabati. Hizo ni habari njema kwa wenye kupanga sera. Kwa mzazi zina manufaa machache, maana mtoto hasomeshwi na wastani wa taifa. Husomeshwa na mwalimu mmoja, ndani ya chumba kimoja, na huyo ndiye anayepaswa kuchunguzwa.

Tena kuna jambo ambalo karatasi ya rangi haikulitaja. Udogo una baraka zake, lakini una hatari zake pia.

Chukua matokeo ya mtihani. Watoto wa jimbo hilo hupimwa kila mwaka kuanzia darasa la 3 hadi la 8. Katika darasa la watoto 18, kila mmoja amebeba zaidi ya asilimia 5 ya matokeo. Wawili wakiamka na homa siku ya mtihani, shule huonekana imeporomoka kwa asilimia 11. Wawili wenye vipaji wakihamia mtaani mwaka unaofuata, huonekana imepaa. Kwa hiyo mzazi asisome matokeo ya mwaka mmoja akadhani ameijua shule. Asome ya miaka mitatu au minne, na aulize pia watoto wamesonga mbele kiasi gani tangu walipoingia. Kuwapokea walio hodari na kuwaacha pale pale walipokuwa si kazi ya kujivunia.

Chukua fedha pia. Serikali hulipa kwa hesabu ya watoto. Tuseme shule ina watoto 120, na 12 wakaondoka. Sehemu moja ya kumi ya mapato imekwenda nao, ilhali kodi ya jengo haikupungua hata senti, na wakati wa theluji moto wa kupasha vyumba hauwashwi nusu. Shule kubwa huweza kustahimili pigo la namna hiyo. Shule ndogo humwachisha kazi mwalimu wa muziki, halafu mwalimu msaidizi, na hatimaye huenda ikafunga. Zipo shule za mkataba zilizofungwa katikati ya mwaka, wazazi wakaachwa wakitafuta nafasi wakati kila mahali pamekwisha kujaa.

Hayo niliyasema mbele ya dada yangu, naye akaniuliza kama nilikuja kumsaidia au kumtisha. Tukakubaliana kwenda kuona kwa macho yetu.

Mara ya kwanza tulikwenda jioni ya kuwakaribisha wazazi wapya. Kulikuwa na keki na hotuba, na watoto waliimba vizuri hata nikasahau kilichonileta. Dada yangu alitoka akiwa amekwisha kulainika. Nilimwambia kwamba siku ya arusi si siku ya kumjua mtu. Akaomba ruhusa turudi siku ya kazi, nasi tukapewa Jumanne saa nne asubuhi. Alikwenda moja kwa moja kutoka zamu yake, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

Siku hiyo tuliona shule yenyewe. Jengo lilikuwa ghala la zamani, na maktaba ilikuwa rafu mbili tu. Katika darasa la 4, mwalimu alikuwa amechuchumaa kando ya meza ya msichana mmoja, akimsikiliza anavyopiga hesabu yake bila kumkatiza. Chumba cha pili, darasa la 3 lilikuwa na mwalimu wa kushikilia nafasi, naye alituambia bila kuulizwa kwamba alikuwa wa tatu tangu Januari. Watoto wake walikuwa wakipaka picha rangi.

Halafu tukaingia ukumbi wa chakula. Mvulana mmoja alikuwa ameketi peke yake pembeni. Kabla sijamnong'oneza dada yangu amtazame, mpishi alikuwa ametoka nyuma ya meza yake, akamwita yule mtoto kwa jina, akambebea sinia lake hadi walipokuwa wenzake. Sikumtazama dada yangu usoni. Nilijua anafikiri nini.

Tulipoketi na mkurugenzi, dada yangu alitoa daftari. Alikuwa ameandika maswali wakati wazee wake wamelala. Nayaweka hapa kwa sababu yalikuwa maswali ya mtu mzima.

Alitaka kwanza kujua ni walimu wangapi kati ya waliokuwapo miaka mitatu nyuma ambao bado wako. Akauliza pia idadi ya watoto walioanza Septemba na ambao wangali shuleni Aprili, maana shule inayowamwaga watoto kimyakimya huweza kuwa na matokeo yanayong'aa. Swali lingine lilihusu mtoto mwenye ulemavu au mgumu wa kusoma, na jina la mwalimu mwenye leseni anayemhudumia, kwani sheria za Marekani haziiruhusu shule yoyote ya umma kumkwepa mtoto wa aina hiyo. Aliuliza ni watoto wangapi waliorudishwa nyumbani kwa utovu wa nidhamu, na kwa makosa gani. Akataka kuona ripoti ya mkaguzi wa hesabu. Mwisho aliuliza mkataba unakwisha lini, na bodi hukutana siku gani, kwa kuwa sheria ya jimbo huitaka bodi iwe na walau mwalimu mmoja, mzazi mmoja na mtu mmoja wa jamii, na vikao vyake viwe wazi kwa umma.

Mkurugenzi hakukasirika. Alikiri kwamba walimu 5 tu kati ya 11 walikuwa wamebaki, kwa sababu shule nyingine hulipa zaidi. Alikiri kwamba darasa la 3 lilikuwa jeraha lake la mwaka huo. Aliinuka mwenyewe kuileta ripoti ya hesabu, akatuonyesha kwamba akiba ya shule ingetosha wiki chache tu endapo fedha za serikali zingechelewa. Mkataba ulikuwa na miaka miwili iliyosalia. Alipomaliza alisema, "Sitaki mtoto wako aje hapa kwa sababu ya keki zetu."

Ndugu msomaji, kuna wakuu wa shule ambao ukiwauliza habari za fedha hukutazama kana kwamba umewatukana. Mimi naamini shule haihukumiwi kwa kukosa kasoro, maana isiyo na kasoro haijapata kujengwa. Mzazi atazame shule inafanyaje kasoro yake inapoguswa. Inayoficha leo mtoto akiwa bado nje, itaficha zaidi kesho akiwa ndani.

Ilibaki fomu. Palikuwa na swali kuhusu lugha ambayo mtoto alijifunza kwanza, na ile isemwayo nyumbani. Dada yangu alishika kalamu, akaiinua. Alikuwa amesikia kwamba mtoto akiandikwa kuwa anasema Kiswahili hupelekwa kwa wasiojua Kiingereza na kurudishwa nyuma. "Niandike Kiingereza tu, kaka. Kwani hajui?"

Nilimsihi asifanye hivyo. Tangu mwaka 1974 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols, iliamua kwamba shule haziwezi kuwaacha watoto wasiojua Kiingereza wazame peke yao. Mahakama hiyo hiyo iliamua mwaka 1982, katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe, kwamba mtoto hanyimwi shule ya umma kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji. Kuandika Kiswahili hakumfungii mtoto mlango wowote. Kunaitaka shule impime, na akionekana anaimudu lugha, basi habari imekwisha. Lakini zaidi ya sheria, nilimwambia kwamba mtoto ambaye mama yake ameificha lugha yake kwenye karatasi ya kwanza atajifunza kuificha hata midomoni. Alikuwa amekwisha kunyamaza mwaka mzima. Tusimwongezee.

Akaandika Kiswahili.

Sikumwambia aichukue shule ile, wala sikumwambia aiache. Aliamua mwenyewe baada ya siku tatu. Alinieleza kwamba ameona hatari zote, na kwamba rafu mbili za vitabu zinaweza kuongezwa kwa maktaba ya mji, ambayo ni ya bure. Ila hangeweza kumnunulia mwanawe mtu wa kumwita kwa jina. Akaongeza kwamba hatakwenda kulala. Atahudhuria vikao vya bodi hata kama ni kwa macho mekundu, na ataweka akilini jina la shule ya pili endapo mkataba hautatiwa sahihi tena.

Kijana alianza Septemba. Mwezi wa Novemba mwalimu wake wa hisabati aliondoka kwenda penye mshahara mnono. Habari hiyo dada yangu aliipata siku ile ile, maana alikuwa ameketi kikaoni, na alikuwa miongoni mwa wazazi walioitaka bodi isimlete mwalimu wa kushikilia nafasi kwa miezi kama ilivyofanya kwa darasa la 3. Mwalimu mwingine alipatikana kabla ya Krismasi. Juu ya kijana, naweza kusema tu kwamba nilipompigia simu mwezi huo alinibishia kuhusu Gor Mahia kwa dakika ishirini, na sikumbuki lini nimefurahi namna hiyo kubishiwa.

Huenda msomaji wa Kisumu au Kayole akauliza ya Minneapolis yanamhusu nini. Yanamhusu sana. Kwa miaka mingi sisi Wakenya tulikuwa na ufito mmoja wa kupimia shule za msingi, nao ulikuwa KCPE. Mtihani huo ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Ufito umeondoka mikononi mwetu, na badala ya kujifunza kupima kwa macho na masikio, wengi tumeanza kuchagua kwa rangi ya basi, kwa jina la Kiingereza lililoandikwa langoni, na kwa idadi ya mahafali yenye joho. Shule ndogo za watu binafsi zimejaa mitaani. Zimo zinazowajua watoto kama kuku amjuavyo kifaranga wake, na zimo zilizo vibanda vya biashara. Nje zinafanana.

Na zile za kwetu hazina hata mkataba ambao mzazi aweza kuomba kuusoma. Basi ni nani atakayeuliza kama si mzazi mwenyewe? Nenda siku ya kazi, si siku ya sherehe. Uliza walimu wamekaa muda gani na wanalipwa kwa wakati. Uliza kama jengo ni la kukodi, na mwenye nyumba akipandisha kodi itakuwaje. Keti mahali watoto wanapokula, utazame nani anamwona aliye peke yake. Na kama mtoto wako yumo katika shule ya umma, kumbuka kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imewapa wazazi viti katika bodi ya usimamizi. Wangapi kati yetu tunawajua waliokalia viti hivyo kwa niaba yetu?

Dada yangu hakuwa na digrii ya ualimu wala muda wa kupoteza. Alikuwa na daftari, na uchungu wa mtoto aliyenyamaza. Vitu hivyo viwili havihitaji viza. Mzazi wa Kenya aliye na kimoja tu na akitafute cha pili, kisha abishe hodi langoni Jumanne saa nne asubuhi.